Latimer hakuibiwa balbu na Edison, na hiyo stori inamshusha

Kuna video zinazunguka tena kwenye magrupu, safari hii za AI, sauti nzito ya mwanaume inaongea Kiswahili kilichonyooka kabisa, picha ya mtu mweusi kavaa suti ya zamani kashika balbu inawaka, ujumbe ni kwamba shuleni tulidanganywa, aliyegundua taa ya umeme ni Mmarekani mweusi anaitwa Lewis Latimer na Thomas Edison alimwibia tu akajitangaza. Kila ikifika Februari, mwezi ambao Wamarekani wanaadhimisha historia ya watu weusi, posti za namna hii huwa zinaibuka kwa Kiingereza alafu zinatufikia huku zikiwa zimeongezewa chumvi, ila sasa hivi mtu yeyote mwenye simu anaweza kutoa video yenye sura ya ukweli kwa dakika chache, kwa hiyo zimekuwa nyingi. Na komenti zake ni zile zile, nusu wanashangilia, nusu wanacheka wanasema huyo alikuwa mchoraji wa ofisini tu acheni kulazimisha. Mi naona pande zote mbili zimemkosa huyu mtu. Latimer hakugundua balbu na Edison hakumwibia, hilo tuliweke mezani mapema, lakini kumwita mchoraji tu ni kutojua balbu ilivyopatikana, maana vita kubwa ya balbu ilipiganwa kwenye makaratasi na kwenye kiwanda kuliko kwenye ile stori ya mtu mmoja anayepata wazo usiku, na kwenye hivyo vitu viwili Latimer alikuwa mtu wa mbele kabisa. Tena mahakamani alikaa upande wa Edison. Hapo ndo wanaosambaza video huwa wananyamaza.

Nianze na baba yake. George Latimer na mkewe Rebecca walitoroka utumwani Norfolk, Virginia, mwaka 1842 wakafika Boston, na yule aliyejiita mmiliki wake, James Gray, akamfuata mpaka huko akamkamatisha. Mji ukachafuka, mikutano, kelele za magazeti, mwisho uhuru wa George ukanunuliwa kwa dola 400, na mwaka uliofuata Massachusetts ikapitisha sheria ya kuwazuia maofisa wa jimbo kusaidia kukamata watu waliotoroka utumwa, sheria ambayo watu waliiita kwa jina la Latimer. Lewis akazaliwa Chelsea, jirani na Boston, tarehe 4 Septemba 1848, yaani jina lake lilishaingia kwenye mambo ya sheria kabla yeye hajaja duniani. Alikuwa na miaka kama 10 baba alipoondoka nyumbani na familia ikatawanyika. Mwaka 1864, akiwa na miaka 16, akajiunga na jeshi la majini la upande wa Kaskazini, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ikaisha 1865, akaruhusiwa kwa heshima, akarudi Boston hana ramani yoyote.

Kazi aliyopata ilikuwa ya kutumwa tumwa kwenye ofisi ya mawakili wa hataza, au patenti kama wengi tunavyosema, kwa dola 3 kwa wiki. Pale kulikuwa na mchoraji, yule anayechukua kifaa cha mteja na kukiweka kwenye karatasi kwa vipimo, kila kipande na herufi yake, ili mkaguzi aliyeko Washington aelewe bila kumuona mwenye kifaa. Latimer akawa anamchungulia begani, akanunua kitabu na vifaa vya kuchorea vya mtumba, akawa anajifua nyumbani usiku, siku akaomba na yeye ajaribu, jamaa akamcheka kwanza afu akamwachia, na kazi ikatoka safi. Miaka ikaenda akawa mkuu wa wachoraji, dola 20 kwa wiki. Mwaka 1874 yeye na mwenzake Charles Brown wakapata hataza ya choo cha kwenye mabehewa ya treni (ndiyo, kitu cha kwanza chenye jina lake ni choo, na aliyewahi kusafiri na treni masafa marefu hawezi kudharau hilo). Miaka miwili mbele Alexander Graham Bell alikuwa mteja wa ofisi hiyo kwa ajili ya maombi ya simu yake, na Latimer mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilibidi abaki ofisini mpaka baada ya saa 3 usiku, Bell amalize madarasa yake ya jioni, ndo apate maelekezo ya michoro.

Sasa hii kazi ya kuchora inabidi tuielewe, kwa sababu hoja yote ya wanaosema mchoraji tu inasimama juu ya kutoielewa. Hataza ni makubaliano, wewe unafichua kitu chako chote hadharani mpaka fundi mwingine akisoma aweze kukitengeneza, na serikali inakupa miaka kadhaa (Marekani wakati ule ilikuwa 17) ya kuwazuia wengine wasikifanye bila ruhusa yako. Unachomiliki sio wazo lililoko kichwani mwako, unachomiliki ni yale maneno na ile michoro, ukiandika finyu watu wanapita pembeni, ukiandika pana sana mahakama inakuvua nguo. Na kwenye taa yote mawili yalitokea. Sawyer na Man, wavumbuzi wengine wa wakati ule, waliandika hataza inayodai kila kitu chenye nyuzi nyuzi kinachoweza kuchomwa kikawa kaboni ya kuwakia ni chao, karatasi, mbao, mmea wowote, na mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaambia hapana, nyie mlijaribu karatasi na vitu viwili vitatu, hamuwezi kumiliki mimea ya dunia nzima. Edison naye kwenye hataza yake aliandika taa iliyofungwa kwenye chombo cha kioo kitupu pande zote, basi mpinzani wake Westinghouse alipobanwa akatengeneza taa ya vipande viwili yenye kizibo, ndo akawasha nayo maonyesho ya Chicago mwaka 1893. Haikuwa taa nzuri, lakini ilipita pale ambapo maneno ya Edison hayakufika. Mtu anayekaa kati ya kifaa na hayo maneno, huyo huwezi kumwita mpambaji.

Turudi kwenye balbu yenyewe. Kuufanya kitu kiwake kwa umeme ilishajulikana miongo mingi kabla ya Edison, shida ilikuwa kitu chenyewe kinaungua na kukatika. Ili usiungue lazima utoe hewa ndani ya kioo, na pampu za kutoa hewa vizuri zilikuja miaka ya 1860 na 1870, ndo maana ghafla watu wengi wakafika sehemu moja kwa wakati mmoja. Joseph Swan kule Newcastle, Uingereza, alionyesha taa yake hadharani Februari 1879. Edison na kikosi chake cha maabara ya Menlo Park wakapata uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni, ukawaka zaidi ya saa 13 mwezi Oktoba mwaka huo huo, hataza namba 223,898 ikatoka tarehe 27 Januari 1880, na mwaka huo huo wakahamia kwenye mianzi, ule wa Japani ukafikisha zaidi ya saa 1,000. Kitu ambacho Edison alikiona vizuri kuliko wengine ni kwamba uzi uwe mwembamba na wenye ukinzani mkubwa (yaani unaobania umeme usipite kirahisi), ili mtaa mzima uweze kuwashwa bila kutumia nyaya za shaba nene kama mkono, yaani yeye alikuwa anafikiria shirika la umeme wakati wenzake wanafikiria taa. Na pembeni kulikuwa na Hiram Maxim, injinia mkuu wa United States Electric Lighting Company, mpinzani wa Edison, ambaye uzi wake ulikuwa umekunjwa mfano wa herufi M, hakuwa mtu wa kujificha.

Huyo Maxim ndo aliyemchukua Latimer. Alimkuta mwaka 1880 Bridgeport, Connecticut, kwenye karakana moja, akashangaa kumuona mtu mweusi anachora michoro ya mitambo, akampa kazi. Ndani ya muda mfupi Latimer akawa haishii kuchora, akaingia kwenye utengenezaji wenyewe, na hapo ndo zinatoka hataza zake mbili ambazo watu wa mtandaoni wanazitaja bila kuzisoma. Ya kwanza, namba 247,097 ya tarehe 13 Septemba 1881, na mwenzake Joseph Nichols, inahusu namna ya kuunganisha uzi wa kaboni na waya za chuma zinazoleta umeme ndani ya kioo, pale kwenye kiungo ndo taa nyingi zilikuwa zinafia. Ya pili ni yake peke yake, namba 252,386 ya tarehe 17 Januari 1882, na hii ndo naipenda zaidi. Ili upate uzi wa kaboni unakata karatasi ngumu au kitambaa kwa umbo unalotaka, unakifungia kisipate hewa, unakichoma kwenye tanuru mpaka kibaki kaboni tupu. Tatizo ni kwamba kitu kikichomwa kinasinyaa, na kama kimebanwa na kitu kisichosinyaa pamoja nacho kinapinda au kinavunjika, unafungua tanuru unakuta vipande. Latimer akasema viwekwe ndani ya bahasha za karatasi ngumu ya aina hiyo hiyo, ambazo zitatanuka na kusinyaa sawa sawa na kilichomo ndani. Basi. Ni wazo ambalo ukishaambiwa unaona mbona rahisi, lakini kabla ya hapo kiwanda kinatupa mzigo kila wanapochoma, na kwenye biashara ya taa kipimo kilikuwa nyuzi ngapi zinatoka tanuruni zikiwa nzima, kuwasha moja mbele ya waandishi wa habari kila mtu alishaweza.

Haya, tuwasikilize wanaosema aliibiwa, kwa sababu hawajaota tu. Hoja yao yenye uzito ni kwamba wizi wa namna hiyo ulikuwepo, tena ulikuwa na muhuri wa serikali. Mwaka 1857 bwana mmoja wa Mississippi, Oscar Stuart, aliomba hataza ya kifaa cha kulimia pamba kilichobuniwa na mtumwa wake Ned, na mwanasheria mkuu wa Marekani akatoa msimamo mwaka 1858 kwamba mtumwa hawezi kupewa hataza, na bwana wake pia hawezi kwa sababu sio yeye mbunifu. Yaani Latimer akiwa mtoto wa miaka 10, sheria ya nchi ilikuwa inasema mtu aliyeko pale alipokuwa baba yake hawezi kumiliki hata wazo lake mwenyewe. Mtu anayejua hilo akisikia kuna mweusi alikuwa karibu na Edison, akili inakwenda moja kwa moja kwenye wizi, na mi simlaumu. Hoja ya pili ni kwamba vitabu vya shule vimemtaja Edison peke yake kama vile alikuwa anakaa chumba chenye giza na mshumaa, hata Swan hatajwi, hata vijana wa Menlo Park waliofanya majaribio usiku kucha hawatajwi. Hiyo nayo ni kweli tupu.

Ila kutoka hapo kwenda kwenye sentensi ya Edison alimwibia Latimer ndo pana shimo, na hii ndo hoja dhaifu kuliko zote. Angalia tarehe tu. Edison ana hataza Januari 1880, ya kwanza ya Latimer kwenye taa inatoka Septemba 1881, na wakati Latimer anaandika hizo hataza alikuwa anakula mshahara wa wapinzani wa Edison. Wengine wanarekebisha wanasema sawa, hakugundua balbu lakini bila uzi wake wa kaboni balbu ya Edison isingedumu, na hiyo nayo haisimami, kwa sababu Edison alikuwa anatumia mianzi, njia ya bahasha ilikuwa ya kiwanda cha Maxim. Taa ya Latimer ilikuwa inashindana na taa ya Edison sokoni. Alafu ikaja 1884, Latimer akaajiriwa na kampuni ya Edison yenyewe kwenye uhandisi, baadaye akahamishiwa kitengo cha sheria, na kazi yake kule ilikuwa kukagua taa za wengine, kukusanya ushahidi, kutafsiri nyaraka za Kifaransa na Kijerumani, na kusimama kizimbani kama shahidi mtaalamu akieleza kwa nini fulani amekanyaga hataza ya Edison. Na kesi kubwa kuliko zote, iliyoamuliwa 1891 na kukaziwa na mahakama ya rufaa Oktoba 1892, mshtakiwa alikuwa nani? United States Electric Lighting Company. Mwajiri wake wa zamani! Kampuni ambayo hataza zake mbili zilikuwa mikononi mwao. Sasa mtu aliyeibiwa na Edison anawezaje kuwa ndo anayemsaidia Edison kuwakamata wezi?

Na hiyo ya kusema alifichwa nayo ipunguzwe moto. Mwaka 1918 wale waliofanya kazi na Edison miaka ya mwanzo walipoanzisha umoja wao, Edison Pioneers, Latimer alikuwa mmoja wa waanzilishi 28, mweusi peke yake. Nyumba yake ya Flushing, New York, ilihamishwa ilipokuwa inataka kubomolewa, sasa ni makumbusho. Kuna shule Brooklyn yenye jina lake, na mwaka 2006 akaingizwa kwenye ile orodha ya heshima ya wavumbuzi wa Marekani. Hajulikani kama Edison, sawa, lakini hata huyo Maxim leo hakuna anayemkumbuka kwa taa.

Upande wa pili sasa, hawa wanaocheka. Wao wanashinda hoja moja, ya nani alikuwa wa kwanza, alafu wanadhani wamemaliza. Chukua miaka miwili tu. Kampuni ya Maxim ilimtumia Latimer kufunga mitambo ya taa New York, Philadelphia na Montreal, na huko Montreal mafundi walikuwa wanaongea Kifaransa kwa hiyo akajifunza maelekezo ya kazi kwa Kifaransa usiku ili asubuhi ayatoe. Mwaka 1882 wakampeleka London kuanzisha kiwanda cha taa cha kampuni ya Maxim-Weston, afundishe watu kila hatua, kuanzia kupuliza kioo mpaka kuchoma kaboni, na kiwanda kikasimama ndani ya miezi 9. Tarehe 4 Septemba mwaka huo, siku anatimiza miaka 34, Edison akawasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street kule New York, mwaka ule ule ambao yeye alipelekwa London kufundisha Waingereza. Alivyoandika mwenyewe kuhusu London ni kwamba hakupapenda kabisa, mabosi walitaka mfanyakazi anyenyekee kama vile kupewa kazi ni sadaka, na yeye na msaidizi wake hawakuwa tayari, ikawa mivutano mwanzo mwisho. Aliporudi Marekani nafasi yake ilishajazwa, akapita kwenye vikampuni vidogo kabla Edison hajamchukua. Afu 1890 akatoa kitabu kinachoeleza mfumo wa taa wa Edison kwa lugha ya kueleweka, moja ya vitabu vya mwanzo vya aina hiyo. Mtu aliyejenga viwanda, akafunga mitambo miji mitatu, akaandika kitabu, akatoa ushahidi wa kitaalamu kwenye kesi za mamilioni, unamfupisha vipi kwa neno tu?

Lakini nikimtetea sitaki nimgeuze malaika, na hapa ndo naona video zile zinatunyima sehemu tamu. Huyo Hiram Maxim aliyempa nafasi, ambaye kwa Latimer alikuwa bosi aliyemuona kipaji bila kujali rangi, alikwenda Ulaya mwaka 1881 kwa ajili ya maonyesho ya umeme Paris, akabaki London, akaacha taa akaingia kwenye silaha, na mwaka 1884 alikuwa na bunduki inayojipakia yenyewe. Ndiyo, ni Maxim yule yule. Bunduki yake Lugard, yule afisa Mwingereza, alikuwa nayo Mengo, Uganda, mwaka 1892 alipoingilia ugomvi wa Waganda, na Wajerumani walikuwa na silaha za aina hiyo kwenye Maji Maji, Mahenge Agosti 1905 watu walikwenda kwenye boma wakakutana na bombomu, yaani bunduki ya rashasha. Sisemi Latimer anahusika, hahusiki hata kidogo, yeye alishaondoka kwa Maxim kitambo. Nasema stori ya weusi wema na wazungu wezi haina pa kumuweka mtu kama Maxim, ambaye mkono ule ule ulimfungulia mlango mtoto wa mtumwa Bridgeport na ukatengeneza kitu kilichofyeka babu zetu Mahenge na Mengo.

Na hiyo kazi yake ya mahakamani pia tuiangalie bila mahaba. Uamuzi wa 1892 ulipotoka, hataza ya Edison ilikuwa imebakiza miaka miwili tu, ikaisha Novemba 1894, lakini ndani ya muda huo kampuni iliyokuwa imeungana na wenzake ikawa General Electric ilizifungia viwanda pinzani kwa amri za mahakama. Mwaka 1896 General Electric na Westinghouse, maadui wa jana, wakaunda bodi ya pamoja ya kusimamia hataza zao ili wasisumbuane na ili wadogo wasipate upenyo, na mchoraji mkuu wa bodi hiyo alikuwa nani, Latimer, mpaka 1911 ilipovunjwa. Kwa hiyo kama unatafuta shujaa wa wanyonge dhidi ya makampuni makubwa, huyu siye, huyu alikuwa mlinzi wa geti upande wa ndani. Jioni alikuwa anafundisha wahamiaji Kiingereza na kuchora michoro ya mitambo kule Henry Street, New York, anaandika mashairi, lakini mchana anawalindia matajiri mali yao, na kwa ufundi wa hali ya juu. Mi sioni aibu kwenye hilo. Naona tu kwamba ni ngumu kuliko video ya dakika moja.

Kwa nini niking'ang'anie kitu cha miaka 140 iliyopita? Kwa sababu stori ya kuibiwa inatufundisha somo baya. Inatuambia kipaji tunacho, tatizo ni wezi, kwa hiyo dawa ni kulalamika na kuweka posti. Angalia habari zetu za kila mara, kijana wa kijijini atengeneza umeme wa maji, kijana atengeneza redio, kijana atengeneza pikipiki ya umeme, kamera zinakwenda, mbunge anampa mkono, mkuu wa wilaya anaahidi, mwaka unaisha hakuna kitu. Wengi wanasema wazo limeibiwa. Mara nyingi halijaibiwa na mtu, halikuwahi kuwa mali kisheria, kwa sababu hakuna aliyekaa chini na yule kijana akauliza ni kipande gani hasa hapa ni kipya, akatafuta kama kuna mtu alishakifanya, akachora, akaandika madai ambayo yatashika mbele ya mkaguzi. Na mbaya zaidi, kwenye nchi nyingi ukishaonyesha kitu chako hadharani kabla ya kuwasilisha maombi unaweza kuwa umejifungia mlango mwenyewe, yaani ile kamera tunayodhani inamsaidia ndo inamuua. Kwa kusajili hataza Tanzania Bara kuna ofisi ya BRELA, Kenya kuna KIPI, na kwa pamoja tuko kwenye ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mambo haya lenye makao Harare, ambapo ombi moja linaweza kwenda nchi kadhaa, milango ipo. Watu wa katikati ndo hawapo, yule fundi anayejua sheria au mwanasheria anayejua tanuru, na vyuo vyetu vinatoa mainjinia upande huu na mawakili upande ule hata kantini hawakai meza moja. Latimer wa kuamini kwamba aliibiwa tunao wengi, Latimer wa dola 3 anayechungulia begani mwa mchoraji ndo tungemtafuta.

Kuna dhuluma moja ya kweli kwenye maisha yake ambayo video haziigusi, labda kwa sababu haina jambazi mwenye sura. Ukifungua zile hataza mbili za taa, jina lake lipo juu kama mbunifu, na hapo hapo imeandikwa kwamba haki zote zimehamishiwa United States Electric Lighting Company. Halikuwa suala la rangi, Nichols mzungu naye alisaini hivyo hivyo, ndo ilikuwa taratibu ya ajira na mpaka leo ndo taratibu, hapa kwetu pia kitu ulichobuni ukiwa kwenye kazi uliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni cha mwajiri kama mkataba hausemi vingine. Bahasha za Latimer zikaokoa nyuzi, kampuni ikamiliki bahasha, na yeye alipoondoka akaondoka na mshahara na ujuzi. Sasa hivi Dar, Nairobi na Kampala kuna maelfu ya vijana wanaoandika programu na kubuni vifaa vya sola kwa mshahara, na mikataba yao ina kifungu hicho hicho, huwa kiko kurasa za nyuma, baada ya likizo na kabla ya sehemu ya saini. Kinajadilika kabla hujasaini, unaweza kuomba asilimia, unaweza kuomba kitu ulichoanza kabla ya ajira kitajwe kwamba ni chako, unaweza kuomba kazi za wikiendi zisihesabiwe. Baada ya kusaini utabaki kumsubiri mtu akutengenezee video.